Kodi ya Kaboni au Mtambo wa Kuinasa: Bili ni ya Nani?

Habari za kaboni huwafikia wasomaji wetu zikiwa zimechanganywa kama vile zote ni jambo moja. Leo tunasikia vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vinapata fedha kwa kuhifadhi msitu. Kesho tunasikia Umoja wa Ulaya unatoza saruji na chuma kinachotoka nje kwa kadiri ya moshi uliotolewa wakati wa kukitengeneza. Keshokutwa tunaonyeshwa feni kubwa huko Iceland zinazovuta hewa ili kuondoa ukaa uliomo. Mwanakijiji wa Katavi analipwa, mwenye kuingiza bidhaa Ulaya analipishwa, na mwenye feni anatafuta wa kumlipa. Si ajabu basi kwamba kila mjadala wa hadhara kuhusu jambo hili huishia kwa watu kubishana huku kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Makala haya yanaiweka kando biashara ya mikopo ya kaboni ya misitu, ambayo ina matatizo yake ya kutosha, na kushughulikia njia mbili zinazoshindanishwa sana duniani: kodi ya kaboni, yaani kumtoza anayechafua anga kwa kila tani ya hewa ukaa anayotoa, na unasaji wa kaboni, yaani kuikamata gesi hiyo kwenye bomba la moshi au hewani na kuizika ardhini. Wanaopenda kodi huuona mtambo kuwa kisingizio cha kampuni za mafuta. Wanaopenda mtambo huiona kodi kuwa adhabu kwa mwananchi. Hoja yangu ni kwamba ushindani wenyewe umewekwa vibaya. Kodi ni njia ya kuamua nani analipa. Mtambo ni moja ya vitu vinavyoweza kulipiwa. Anayechagua mtambo badala ya kodi hajaikwepa bili, ameiacha tu bila jina la mlipaji.

Bei ya moshi

Wazo la kodi ni la kale kuliko hofu ya tabianchi. Mchumi wa Uingereza, Arthur Pigou, alilieleza mwaka 1920: mwenye tanuri hununua makaa ya mawe, hulipa vibarua, hulipa kodi ya pango, lakini hasara anayowatia majirani kwa moshi wake haimo kwenye hesabu zake. Serikali ikimtoza kiasi cha hasara hiyo, hesabu inakamilika, naye ataamua mwenyewe kama apunguze moshi au aendelee kulipa.

Tuione kwa kipimo cha mtaani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo tani moja ni moshi wa lita kama 430. Kodi ya dola 20 kwa tani ingeongeza chini kidogo ya senti 5 za dola kwenye lita. Uzuri wake ni kwamba haimwelekezi mtu la kufanya. Mwenye malori atapanga safari zake vizuri zaidi asirudi tupu, kiwanda cha sabuni kitaziba mabomba yanayovuja mvuke, mwenye hoteli atafunga mtambo wa kupasha maji kwa jua. Waziri hahitaji kuijua hata moja ya njia hizo. Ruzuku, kwa upande wake, humlazimisha waziri kukisia teknolojia ipi itashinda, na mawaziri si wakisiaji hodari.

Finland ilianza mwaka 1990, Sweden ikafuata mwaka 1991 kwa takriban krona 250 kwa tani, na kiwango hicho kimepanda hatua kwa hatua hadi kupita krona 1,000. Tangu wakati huo moshi wa Sweden umeshuka kwa karibu theluthi moja ilhali uchumi wake umekua sana. Badiliko kubwa lilitokea kwenye upashaji joto wa nyumba: majiko ya mafuta yaliondolewa, miji ikajenga mitambo ya pamoja inayochoma mabaki ya mbao na taka na kusambaza maji moto kwa mabomba. Lakini tusiipe kodi sifa isiyo yake. Sweden tayari ilikuwa na umeme wa maji na wa nyuklia, na viwanda vyake vilitozwa kiwango nafuu kwa miaka mingi kwa kuogopa kwamba vingehamia kwingine. Jambo lililoiokoa kodi kisiasa ni kwamba ilikuja pamoja na mageuzi yaliyopunguza kodi ya mapato, kwa hiyo mfanyakazi aliona mkono mmoja ukichukua na mwingine ukirudisha.

Pale ambapo mkono wa pili haukuonekana, kodi ilianguka. Ufaransa ilipanga kupandisha tena kodi ya mafuta Januari 2019, mara tu baada ya kuwapunguzia matajiri kodi ya mali. Novemba 2018 watu wa miji midogo na vijijini, wanaotegemea gari kufika kazini, waliingia barabarani wakiwa na vizibao vya njano, na Desemba serikali ikarudi nyuma. Australia iliweka bei ya dola zake 23 kwa tani Julai 2012, ikaifuta Julai 2014 baada ya uchaguzi uliogeuzwa kuwa kura juu ya kodi hiyo. Mfano wa Kanada unasikitisha zaidi kwa sababu huko fedha zilirudishwa kweli. Kaya nyingi zilipokea marejesho makubwa kuliko kodi ziliyolipa moja kwa moja, lakini wengi hawakujua kiasi hicho kilichoingia benki kimetoka wapi, huku bei kwenye pampu wakiiona kila wiki. Aprili 2025 tozo ya mafuta kwa wananchi ikaondolewa. Udhaifu mkubwa wa kodi umo humo: maumivu yake yana risiti, manufaa yake hayana.

Upo pia udhaifu wa kodi isiyouma kabisa. Afrika Kusini, inayotegemea makaa ya mawe kwa sehemu kubwa ya umeme wake, ilianza kutoza randi 120 kwa tani Juni 2019, lakini misamaha ilifikia asilimia 60 hadi 95 ya moshi wa kiwanda, hivyo bei halisi ikawa kati ya randi 6 na 48. Kwa bei hiyo meneja wa kiwanda hahitaji hata kuitisha kikao.

Mtambo na mipaka yake

Unasaji unavutia kwa sababu hauombi mtu abadilishe maisha. Moshi wa kiwanda hupitishwa kwenye kimiminika cha kemikali, kwa kawaida aina za amini, ambacho hushika hewa ukaa. Kimiminika kikipashwa joto huiachia, nayo hukandamizwa na kusukumwa kwenye tabaka za mwamba mamia au maelfu ya mita chini. Kemia hiyo si ngeni, na viwanda vya gesi vimeitumia kwa miongo mingi. Kinachotafuna fedha ni joto la kuiachilia gesi hiyo na nguvu ya kuikandamiza, kwa hiyo kituo cha umeme hutumia sehemu ya umeme wake kujisafisha chenyewe.

Gharama hutegemea sana gesi imejikusanya kiasi gani. Katika moshi wa makaa ya mawe hewa ukaa hufika kama asilimia 12 hadi 15. Katika hewa tunayovuta ni takriban asilimia 0.04, yaani molekuli moja kati ya kama 2,400, na kuitafuta hiyo moja ni kazi ya kupitisha hewa nyingi mno. Orca, mtambo uliofunguliwa Iceland mwaka 2021, ulisanifiwa kunasa tani 4,000 kwa mwaka. Dunia hutoa kama tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na nishati. Ukigawanya, kazi yote ya Orca ya mwaka mzima hufutwa kwa chini ya sekunde 4. Hata ukijumlisha uwezo wa mitambo yote ya kunasa iliyopo duniani, karibu tani milioni 50 kwa mwaka, ni moshi wa nusu siku.

Rekodi ya mitambo mikubwa nayo haitii moyo. Kituo cha Kemper jimboni Mississippi kilikusudiwa kusafisha umeme wa makaa ya mawe. Gharama zilivuka dola bilioni 7, na mwaka 2017 mpango huo ukaachwa, kituo kikaendelea kwa gesi asilia bila kunasa chochote. Mradi wa Gorgon huko Australia, unaozika hewa ukaa inayochanganyika na gesi yake, uliahidi makubwa lakini kwa miaka kadhaa umezika chini ya nusu ya uwezo uliotangazwa.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mtambo hauna mbadala wa karibu, na mahali pa kwanza ni saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa hugawanyika kuwa chokaa na hewa ukaa. Gesi hiyo imo ndani ya jiwe lenyewe, haitokani na kuni wala makaa. Kiasi cha asilimia 60 ya moshi wa saruji ni wa aina hiyo. Ukilipasha tanuri la Tanga au Athi River kwa umeme wa jua mtupu, bado jiwe litatoa gesi yake. Kodi inaweza kumfanya mjenzi atumie saruji kidogo au achanganye majivu ya volkano, lakini haiwezi kubadilisha kemia ya chokaa. Nchi zinazojenga shule, madaraja na nyumba kwa kasi kama zetu hazina budi kulifikiria hilo.

Funzo la Sleipner

Mgogoro wa kodi dhidi ya mtambo ulipata jibu lake mapema, katika Bahari ya Kaskazini, na ni ajabu jinsi mfano huo unavyosahaulika na pande zote mbili. Gesi asilia ya kisima cha Sleipner nchini Norway ina karibu asilimia 9 ya hewa ukaa, wakati wanunuzi hawataki zaidi ya asilimia 2.5. Kwa hiyo kampuni ililazimika kuitenganisha kwa vyovyote. Mambo yangekuwa ya kawaida, ingeiachia ipae hewani, kama ilivyofanyika kwenye visima vingi duniani. Lakini mwaka 1991 Norway ilikuwa imeweka kodi ya kaboni kwa shughuli za mafuta baharini. Wahandisi wakapiga hesabu wakaona kuzika ni nafuu kuliko kulipa. Kuanzia 1996, kwa miaka mingi, karibu tani milioni moja kila mwaka zilisukumwa kwenye tabaka la mchanga liitwalo Utsira, kiasi cha mita 1,000 chini.

Hakuna aliyeiamuru kampuni ijenge mtambo, wala hazina haikuhitaji kuinunulia. Teknolojia iliyokuwepo siku zote ilipata kazi siku ile moshi ulipopata bei. Linganisha na Petra Nova ya Texas, iliyoanza kunasa moshi wa makaa ya mawe Januari 2017. Marekani haikuwa na kodi ya kaboni, kwa hiyo mtambo ulitegemea kuuza gesi yake kwa wachimbaji, wanaoisukuma kwenye visima vikongwe ili kukamua mafuta zaidi. Mafuta yalipoporomoka bei mwaka 2020, mtambo ukazimwa, ukarudi mwaka 2023. Ukaa ule ulizikwa kwa sababu ulisaidia kutoa mafuta mengine ya kuchomwa, na mnunuzi alipokosa faida, uzikaji nao ukasimama.

Hapo ndipo swali la bili linapojitokeza wazi. Mtambo wa kunasa hautengenezi kitu ambacho mtu angekinunua kwa hiari sokoni, kwa hiyo lazima ulipiwe na mmoja kati ya watatu: mchafuzi, kwa njia ya kodi au vibali; mlipa kodi wa kawaida, kwa njia ya ruzuku; au mchimba mafuta. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 ilichagua wa pili, ikapandisha nafuu ya kodi hadi dola 85 kwa tani inayonaswa viwandani na kuzikwa, na dola 180 kwa inayovutwa hewani. Wanaosema unasaji hauna gharama kwa mwananchi wanasahau kwamba hazina ni ya mwananchi huyohuyo.

Mapingamizi yenye uzito

Pingamizi la kwanza ni kwamba Sleipner ilikuwa rahisi kupita kiasi. Ni kweli, gesi ilishatenganishwa, na mwamba ulikuwa papo hapo chini ya jukwaa. Kwenye kazi ngumu kodi peke yake haijatosha hata Norway. Kiwanda cha saruji cha Brevik, kilichoanza kunasa mwaka 2025, kinakusudiwa kukamata tani 400,000 kwa mwaka, kama nusu ya moshi wake. Gesi husafirishwa kwa meli hadi karibu na Bergen, kisha husukumwa mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari, na sehemu kubwa ya gharama imebebwa na serikali. Nalikubali pingamizi hili kwa kipimo chake: mitambo michache ya mwanzo itahitaji mkono wa hazina, kama umeme wa jua ulivyouhitaji nchini Ujerumani kabla haujawa wa bei chee. Lakini mkono huo ukinyooshwa mahali ambapo moshi hauna bei, hautarudi kamwe, kwa kuwa siku ruzuku itakapokoma mtambo hautakuwa na sababu ya kuendelea.

Pingamizi la pili, lenye nguvu zaidi, linatoka kwa wanasayansi: kodi hupunguza moshi mpya tu, na ule uliokwisha kupaa utabaki. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilisema mwaka 2022 kwamba kuondoa hewa ukaa angani hakuepukiki iwapo dunia inataka kusawazisha mabaki ya moshi yasiyoondoleka. Sawa. Lakini kila tani isiyotolewa leo ni tani ambayo hakuna atakayelipa mamia ya dola kuivuta kesho. Kufungua bomba la moshi kwa sababu utakuja kuuvuta moshi huo baadaye ni kuchagua njia ghali huku ya nafuu ipo mkononi.

La tatu ni la maskini. Kodi ya nishati huuma zaidi kwa mtu ambaye nusu ya kipato chake huishia kwenye chakula, nauli na jiko. Jibu la kawaida la wachumi ni kurudisha fedha, na Kanada imeonyesha kwamba kurudisha kimyakimya hakutoshi. Marejesho lazima yaonekane na yataje yanakotoka.

Kwetu Afrika Mashariki

Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na umeme wa Kenya karibu asilimia 90 unatoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua. Kuiga kodi ya Sweden kama ilivyo kungekuwa kujitwisha mzigo usio wetu. Tena, kwa kiasi fulani tayari tunalipa bila kujua. Tozo ya matengenezo ya barabara nchini Kenya ilipandishwa Julai 2024 hadi shilingi 25 kwa lita. Kwa hesabu ya kilo 2.3 kwa lita na shilingi 129 kwa dola, hiyo ni sawa na dola 84 kwa tani ya hewa ukaa, kiwango kinachozidi kodi za kaboni za nchi nyingi tajiri. Lengo lake ni lami, si anga, lakini kwa mwendesha bodaboda anayejaza tangi haina tofauti.

Kodi isiyopimwa vizuri inaweza pia kumsukuma mtu upande mbaya. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuzuia wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Sababu ilikuwa ya haki, ila mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa kwenye jiko la mpangaji wa Mathare, na mbadala aliokuwa nao karibu ulikuwa mkaa, ambao huchomwa msituni na kuuzwa kwa kopo bila kodi ya aina hiyo. Jikoni kwetu kazi ya kwanza ni kushusha bei ya gesi na ya umeme wa kupikia kabla ya kutoza kingine chochote.

Upande wa mitambo, Bonde la Ufa limeanza kuvutia wawekezaji. Kampuni ya Octavia Carbon imejenga mashine zake Kenya kwa hoja kwamba joto la ardhini lipo, na mwamba wa volkano unaweza kuigeuza gesi kuwa jiwe kama ilivyothibitishwa Iceland. Hoja hiyo ina maana, hasa kwa kuwa usiku mahitaji ya umeme hushuka na mvuke mwingine huachiwa bure. Lakini kuvuta tani moja hewani huhitaji nishati ya kiasi cha kilowati-saa 2,000, ingawa sehemu kubwa ni joto, wakati matumizi ya umeme ya Mkenya wa kawaida ni kama 200 tu kwa mwaka. Mradi wa namna hiyo ukubaliwe pale tu unapotumia joto lisilo na mnunuzi mwingine, na mlipaji akiwa kampuni ya nje inayosafisha moshi wake, si hazina ya Nairobi.

Mahali ambapo kodi inatufaa kweli ni nje ya mipaka yetu. Azimio la Nairobi la Septemba 2023, lililotolewa na wakuu wa Afrika, lilitaka dunia iweke kodi ya kaboni kwenye biashara ya mafuta, usafiri wa meli na wa ndege. Shirika la Kimataifa la Bahari lilikaribia sana: Aprili 2025 liliidhinisha rasimu ya kuzitoza meli kati ya dola 100 na 380 kwa tani ya moshi unaozidi viwango, lakini Oktoba mwaka huohuo, kwa shinikizo la Marekani, uamuzi uliahirishwa kwa mwaka mmoja. Tozo hiyo ingeongeza kidogo gharama ya ngano na mbolea zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, na hilo lisifichwe. Kwa sababu hiyo, wajumbe wetu warudipo mezani wasiishie kuunga mkono bei. Wadai iandikwe kwenye mkataba ni sehemu gani ya mapato itafidia nchi zinazoagiza chakula kwa meli, na italipwa kwa utaratibu gani, kabla ya kunyoosha mkono kupiga kura.